Wanafunzi wageni: tuelezeni waliohitimu, waliodahiliwa tumeshawasikia

Kwa Makamu Wakuu wa vyuo vikuu vya Tanzania, Kenya na Uganda, na kwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki (IUCEA), Kampala.



Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, vyuo vyenu hutoa taarifa za udahili, na siku hizi haukosekani humo mstari wa fahari kuhusu wanafunzi kutoka nje: wako wangapi na wametoka nchi zipi. Fahari hiyo ina sababu zake. Wanafunzi wageni huhesabiwa katika orodha za kimataifa zinazopanga vyuo kwa ubora, tena huleta fedha, maana katika vyuo vingi ada yao huandikwa kwa dola. Sina ugomvi na hilo. Naulizia takwimu nyingine, ambayo kwa kawaida haimo katika taarifa hizo. Kati ya wageni walioingia mwaka wa kwanza, ni wangapi walivuka kwenda wa pili bila sapu, yaani mtihani wa marudio? Wangapi walidisko, yaani waliondolewa chuoni kwa kufeli? Wangapi walifunga virago kimyakimya baada ya muhula mmoja, majina yao yakabaki kwenye daftari kama kwamba wapo? Hoja ya barua hii ni kwamba sehemu kubwa ya kufeli kwa mwanafunzi mgeni hutengenezwa na mambo yaliyo chini ya mamlaka yenu wenyewe, na kwamba kwa kuwa hayahesabiwi, yote huandikwa kuwa ni udhaifu wa mwanafunzi.

Nianze na historia, kwa sababu ndiyo inayotudanganya. Tunapozungumzia vijana kuvuka mipaka kwenda kusoma, hukumbushwa haraka Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Aliyetaka sheria alikuja Dar, mwenye uhandisi au tiba ya mifugo alikwenda Nairobi, na udaktari ulikuwa Makerere. Hata kabla ya hapo Makerere ilikwisha kuwasomesha Nyerere, Kibaki na Mkapa, na baadaye Museveni alisoma Dar. Basi huhitimishwa kwamba mbona wao waliweza. Waliweza kwa sababu kizazi chao kilivuka mpaka wa nchi tu. Walitoka shule zilizofuata mitihani ya Cambridge, wakafundishwa kwa lugha ileile waliyoizoea darasani tangu sekondari, na shahada yao ilitolewa chini ya mwavuli mmoja. Daraja lilikuwa limejengwa kabla ya msafiri kufika mtoni. Mwaka 1970 chuo hicho kilivunjwa na kila nchi ikajijengea chake: mitaala yake, mitihani yake, kalenda yake, namna yake ya kutoa alama. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafufuliwa na kupanuka, wakaingia Rwanda na Burundi mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022 na Somalia 2024. Mwezi Mei 2017, jijini Dar es Salaam, wakuu wa nchi wakatangaza kanda yote kuwa Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu. Tangazo lilikuwa moja. Mifumo ya elimu ilibaki mingi kama ilivyokuwa, na kazi ya kuiunganisha ameachiwa kijana wa miaka 20 mwenye begi moja na bahasha ya vyeti.

Chukueni alama 72. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa madaraja yaliyozoeleka, hiyo ni A. Nairobi ni kiwango cha daraja la kwanza. Makerere ni B, kwa sababu A yao huanzia 80. Kongo, ambako walimu wamerithi ubahili wa Kibelgiji katika kutoa alama, anayepata asilimia 72 huandikiwa kuwa amefaulu kwa heshima, na pengine ni miongoni mwa vinara wa darasa lake. Namba ni moja, maana ni nne. Sasa fikirini mwanafunzi aliyemaliza Lubumbashi akiwa na asilimia 65, ambayo mwalimu wake aliiona ni alama ya mtu makini, anapeleka maombi ya uzamili Kampala, na karani wa udahili anaisoma 65 ile kwa jedwali la Makerere, ambako ni C na alama ya kujumlisha. Hapo hakuna aliyedanganya wala aliyekosea hesabu, ila kuna mtu aliyepoteza nafasi. IUCEA ilikwisha kuandaa mfumo wa pamoja wa kulinganisha sifa za elimu ya juu tangu mwaka 2015, na ni kazi nzuri. Lakini mfumo ulioandikwa kwenye waraka na haujafika kwenye dirisha la karani haumsaidii mwombaji. Na kuna kichekesho hapa ambacho hakichekeshi: tangu Februari 2021 Kifaransa ni lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiswahili, lakini vyuo vingi bado vinamtaka Mrundi na Mkongomani alipe mtafsiri aliyeidhinishwa ili cheti chake cha Kifaransa kisomeke.

Karatasi zikikamilika, inakuja kalenda. Uganda hufungua vyuo Agosti, Tanzania Oktoba au Novemba, na matokeo ya mitihani ya kumaliza sekondari hutoka kila nchi kwa wakati wake. Kati ya barua ya udahili na siku ya kwanza darasani mwanafunzi anatakiwa apate ulinganifu wa cheti kutoka baraza la mitihani, NECTA kwa huku kwetu au UNEB kwa Uganda, kisha apate kibali cha mwanafunzi kutoka Uhamiaji, ambacho nacho hakitoki bila barua ya chuo na risiti ya ada. Ofisi moja inasubiri karatasi ya nyingine. Anayefika wiki ya nne wala hashangazi mtu, amezoeleka. Lakini tazameni wiki nne hizo zina thamani gani. Katika vyuo vyetu vingi vya Tanzania, alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi za muhula: majaribio, mawasilisho, kazi za vikundi. Vikundi huundwa wiki ya pili. Jaribio la kwanza huwa wiki ya tano au ya sita. Aliyefika wiki ya nne anaingia kikundi kilichobaki, anafanya jaribio la mambo ambayo hakuyasikia yakifundishwa, na kwa kuwa ametoka katika mfumo ambao mtihani wa mwisho ndio wenye uzito mkubwa na kipindi cha pili cha kurudia ni jambo la kawaida, hata hatambui kwamba amekwisha kupoteza sehemu ya alama zake kabla ya kujua maktaba iko wapi. Mwishoni mwa muhula anapata sapu tatu. Kwenye rekodi huandikwa jina lake na alama zake, na hakuna safu ya kuandika kwamba kibali chake kilitoka tarehe 28.

Wahenga husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vyuo vyetu vimeirekebisha methali hiyo: jembe anapewa siku ileile anayofika, ila shamba lenyewe haonyeshwi.

Kuhusu lugha nitakaa kidogo zaidi, kwa kuwa ndiko lawama nyingi huelekezwa, na ndiko tunakosea zaidi. Maneno yanayosikika ni haya: Kiingereza chao ni kibovu, wajifunze kwanza ndipo waje. Lakini mwaka 1979 mtaalamu wa lugha nchini Kanada, Jim Cummins, alitenganisha vitu viwili tunavyovichanganya: lugha ya kuzungumza na watu, na lugha ya kujengea hoja darasani. Tafiti zake na za wenzake juu ya watoto wa wahamiaji zilionyesha kuwa lugha ya mazungumzo huweza kushikika ndani ya miaka 2 hivi, ila lugha ya masomo huchukua miaka 5 hadi 7 mpaka mtoto alingane na wenziwe. Wale walikuwa watoto wa shule, na kijana wa chuo ana faida ya kuwa amekwisha kufikiri kisomi kwa lugha nyingine, kwa hiyo sidai kwamba miaka ile ihamishwe kama ilivyo. Tofauti yenyewe, hata hivyo, inasimama. Mwanafunzi aliyesoma kozi ya Kiingereza ya miezi mitatu akapasi usaili anaweza kuuliza nauli na kusimulia safari yake. Kuandika kurasa kumi za mapitio ya maandiko, akajua lini anakubali, lini anapinga, na namna gani anataja rejea ili asituhumiwe wizi wa kitaaluma, hilo ni somo jingine. Na halijifundishi lenyewe.

Tena madarasa yetu si ya Kiingereza kitupu kama waraka unavyosema. Mhadhiri wa Dodoma au Morogoro akifika pahali pagumu hushuka kwenye Kiswahili, darasa likacheka, likaelewa, likaendelea. Huo ni ualimu mzuri na sitaki ukatazwe. Lakini aliyetoka Juba hapo ameachwa, wakati aliyetoka Bukavu, Kongo, amepata nafuu kubwa, kwani Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa za nchi yake na ndicho alichokulia. Mbukavu huyohuyo akienda Kampala, mhadhiri wake hushuka kwenye Kiganda. Kwa nini basi hatukitumii Kiswahili kwa makusudi pale kinapofaa? Tuna wanafunzi kutoka Goma, Kisangani, Lubumbashi na Bujumbura wanaoweza kuelezwa kwa Kiswahili, ndani ya wiki chache, namna insha ya kitaaluma ya Kiingereza inavyojengwa. Tuna taasisi za Kiswahili zenye wahadhiri waliobobea kufundisha wageni. Kwa sasa wataalamu hao hufundisha salamu na ngeli kwa Wamarekani na Wajerumani wanaokuja kwa muhula mmoja. Ni kazi halali, na ina heshima yake. Lakini jirani aliyekuja kukaa miaka minne hajawekewa chochote.

Huduma mnayojivunia zaidi ni wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya. Hotuba hutolewa, polisi huja kuonya kuhusu wizi wa simu, mtu wa bima ya afya huongea, kisha kila mmoja hutawanyika. Je, wiki hiyo inakuja wakati wake? Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alichapisha matokeo ya mahojiano na takribani watu 200 wa Norway waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa chini ya miezi 6 na waliopita miezi 18 walionekana wametulia, na wa katikati ndio waliotaabika. Kwa miongo mingi wataalamu walilichora hilo kama bonde ambalo kila mgeni hulishuka na kulipanda. Kisha mwaka 1998 Colleen Ward na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa Kijapani huko New Zealand tangu siku za kuwasili, wakakuta kinyume: taabu kubwa kuliko zote ilikuwa mwanzoni kabisa. Mtu anaweza kuzitupa tafiti zote mbili kwa kuwa zinapingana. Mimi naziona zinakubaliana katika jambo moja linalowahusu ninyi, kwamba taabu ya mgeni haiishi ndani ya wiki moja. Wiki ile haimsaidii aliyefika wiki ya nne, wala haimkuti aliyezidiwa katika mwezi wake wa tisa chuoni. Naye Vincent Tinto, ambaye tangu mwaka 1975 amechunguza kwa nini wanafunzi wa Marekani huacha vyuo, alisisitiza kuwa wanaobaki ni wale wanaojikuta wameunganishwa na chuo kitaaluma na kijamii pia. Kwa mwanafunzi ambaye hana ndugu mjini, mahali pa kuunganishwa ni darasani na katika idara yake. Ofisi ya mlezi wa wanafunzi inahudumia maelfu. Mkuu wa idara ana wageni watano au kumi, na angeweza kuwajua kwa majina.

Fedha nitaigusa kwa ufupi, ingawa huko ndiko msiba hutokea kwa ghafla. Mwanafunzi mgeni kwa kawaida hana bumu, yaani posho ya kujikimu, wala mkopo wa serikali, na wengi hutegemea mzazi. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia mji wa Goma nchini Kongo, benki zilifungwa kwa miezi. Mzazi ambaye akaunti yake imejaa fedha hakuweza kutuma senti moja kwa njia ya benki. Mwaka 2023 Burundi ilishusha thamani ya faranga yake kwa kiasi kikubwa, na ada ya dola ikapanda kwa mzazi ambaye mshahara wake haukusogea. Kanuni inayosema asiyemaliza ada hapewi namba ya mtihani haijui Goma iko wapi. Na msiniambie kwamba vyuo havina uwezo wa kukunja kanuni inapobidi. Vita ya Sudan ilipoanza Aprili 2023, wanafunzi wa udaktari waliokimbia Khartoum walipokewa Muhimbili na Rwanda ili wamalize masomo yao. Ratiba na nafasi za mazoezi hospitalini zilipatikana. Yaliwezekana kwa kundi zima lililoletwa na chuo chake. Aliyekuja peke yake naye anastahili mahali pa kupeleka shida yake.

Najua mtakayonijibu. La kwanza ni kwamba chuo kikuu si chekechea, na mtu mzima aliyechagua kwenda ugenini ajue ugeni una taabu. Kweli, na simwombei mtu kubebwa. Katika yote niliyoyataja hakuna alama hata moja ya bure. Kusoma jedwali la alama kwa usahihi hakushushi kiwango, bali kiwango kinashuka pale A ya huku na distinksheni ya kule zinapopimwa kwa kukisia. La pili lina uzito zaidi: mbona mtoto wa Kitanzania kutoka shule ya kata huko Kibondo naye anafika Mlimani hajui kuandika insha ya Kiingereza, na hana mtu mjini? Kwa nini mgeni atangulizwe? Sina jibu la kuipuuza hoja hii, na sitaki kuipuuza. Kijana wa Kibondo ana bumu akibahatika, na hadaiwi kibali, lakini darasani wapo katika mashua moja. Kwa hiyo somo la uandishi wa kitaaluma likianzishwa kwa ajili ya mgeni, mwenyeji naye akae humo humo. Kama mnataka sababu ya kuanza na mgeni, ni hii: kwake mapengo yote hutokea kwa pamoja na huonekana waziwazi, na chuo kikijifunza kuyaziba kwake kitakuwa kimejifunza kuyaziba kwa wengi.

La tatu ni gharama, na hapo naomba tuwe wakweli. Mengi ya haya hayahitaji jengo wala idara mpya. Kutoa barua za udahili za wageni miezi mitatu kabla ni suala la ratiba. Kumruhusu aliyechelewa kwa sababu ya kibali afanye jaribio la kwanza baadaye ni uamuzi wa seneti, unaandikwa kwa aya moja. Kumpa mhadhiri mmoja kila idara jukumu la wageni, na kumpunguzia kipindi kimoja cha kufundisha kwa ajili hiyo, kuna gharama, sikatai. Lakini wengi wenu mnamtoza mgeni ada ya juu mkisema gharama za kumhudumia ni kubwa. Basi sehemu ya tofauti hiyo irudi kwenye huduma yenyewe. Vinginevyo ni kodi ya mpakani, na tulikubaliana kwenye Soko la Pamoja tangu mwaka 2010 kwamba za aina hiyo tunaziondoa.

Kwenu IUCEA ombi langu ni moja zaidi. Chapisheni jedwali la kulinganisha alama, la ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, na mhakikishe limebandikwa kwenye kila dirisha la udahili katika nchi zote nane. Wataalamu mnao, na waraka mama mnao tangu 2015.

Nanyi Makamu Wakuu, kabla ya lolote kati ya hayo, hesabuni. Wanafunzi wageni walioingia mwaka 2022 kwa shahada za miaka mitatu walitakiwa wawe wamemaliza masomo mwaka 2025. Majina yao yako katika daftari zenu za udahili, na majina ya waliohitimu yako katika vitabu vyenu vya mahafali. Wekeni orodha hizo mbili mezani pamoja, mtangaze zimepishana kwa wangapi.